Barua ya chuo iliyobaki kabatini Kiamaiko



Baada ya Idi ya kuchinja nilipanda bara, nikafikia Kiamaiko kwa rafiki yangu wa siku za masomo. Ni Mborana wa Moyale. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 tulikuwa tumepanga chumba kimoja Majengo, Mombasa, mimi nikisomea diploma yangu na yeye akihangaika na biashara ya ngozi. Leo ana meza ya nyama na watoto watano. Tukiwa kwenye chai ya alasiri alifungua kabati, akatoa bahasha, akaniwekea mapajani bila kusema neno.

Ndani mlikuwa na barua ya chuo cha ufundi cha serikali. Mwanawe wa kwanza, aliyefanya KCSE mwaka 2023 akapata D+, alikuwa ameitwa kusomea cheti cha ufundi wa umeme. Tarehe ya kuripoti ilikuwa Septemba 2024. Hiyo ni miezi tisa kabla ya chai yetu.

"Kwani hakwenda?"

"Muulize mwenyewe, sheikh. Mimi nimechoka kuuliza."

Mwenyewe alikuwa amelala. Huondoka saa tisa usiku kwenda machinjioni, hurudi adhuhuri. Alipoamka alininawia mikono, akanisalimia kwa adabu zote, "Shikamoo, ami," tukakaa kibarazani kiasi cha saa moja. Nilikuwa nimeshaandaa nasaha yangu, ile ile tunayoijua sote: soma mwanangu, elimu haiozi. Nasaha hiyo nilirudi nayo Mombasa haijafunguliwa.

Kwa wasomaji wa pwani ambao hawajafika, Kiamaiko ni mtaa wa mashariki ya Nairobi, umebanwa kati ya Huruma na Kariobangi, na ni mojawapo ya wadi sita za eneo bunge la Mathare. Jina lake na mbuzi havitengani. Malori hushuka usiku kutoka Marsabit, Moyale na Isiolo, na kabla ya alfajiri mbuzi wameshachinjwa, wamechunwa na wako njiani kuelekea bucha na hoteli za Nairobi. Biashara imeshikwa kwa sehemu kubwa na Waborana, Waburji, Wagabra na Wasomali, ndugu zetu katika Uislamu. Mtaa umejaa misikiti na madrasa, na ukisikia mama akimwita mtoto unaweza kudhani uko Bondeni. Ndiyo maana naandika habari za huko katika ukurasa wa pwani. Kila alichoniambia kijana yule ningeweza kukisikia Likoni, Kisauni au Mtopanga, ila huku kwetu hatuna mbuzi wengi hivyo.

Kwanza tuone ukubwa wa jambo lenyewe. Katika KCSE ya mwaka 2024 watahiniwa 962,512 walifanya mtihani. Waliopata C+ na kuendelea, yaani alama ya kuingia chuo kikuu, walikuwa 246,391. Toa hesabu mwenyewe: zaidi ya vijana laki saba wa mwaka mmoja tu. Hao ndio serikali inaowaelekeza kwenye vyuo vya ufundi, hivi vinavyoitwa TVET, na kwa kweli mlango si mwembamba. Mwenye C- anaweza kusoma diploma, mwenye D anaingia cheti, na mwenye D- au hata E ana ngazi yake ya fundi wa kawaida. Idadi ya wanafunzi katika vyuo hivi imepanda hadi kupita laki sita mwaka 2023. Anayesema vijana wa Kenya wanaudharau ufundi hajazitazama takwimu hizi.

Kwa hiyo swali langu si kwa nini vijana hawataki. Swali langu ni kwa nini huyu, anayetaka, aliyeomba mwenyewe kwa simu yake na akapewa nafasi, hakwenda.

Alianza na karo. Miaka michache nyuma hesabu ilikuwa nyepesi kuelewa. Karo ya mwaka katika chuo cha ufundi cha serikali ilikuwa shilingi 56,420. Serikali ilimlipia kila mwanafunzi 30,000, zikabaki 26,420, na aliyekuwa hana aliomba mkopo wa HELB wa hadi 40,000. Mama muuza mahamri angeweza kuielewa hesabu hiyo na kumweleza jirani yake. Mwaka 2023 ukaja mfumo mpya wa ufadhili. Ile 30,000 ya kila mtu ikaondolewa kwa wanaoingia, karo ikatajwa kuwa 67,189 kwa mwaka, na msaada ukagawanywa mafungu mawili, ufadhili na mkopo, kulingana na jinsi serikali inavyoipima familia yako kuwa maskini. Makusudio ni kwamba maskini zaidi apate zaidi, na sina ugomvi na makusudio. Ila mfumo wenyewe ulipelekwa mahakamani, Mahakama Kuu ikasema Desemba 2024 kwamba unakiuka Katiba, rufaa ikafuata, na mzazi wa Kiamaiko akabaki na swali moja tu ambalo hakuna aliyemjibu: mimi nitatoa ngapi?

Kijana alinionyesha simu yake. Fomu ya kupima umaskini humuuliza mtu mapato ya wazazi, nyumba wanayokaa, shule aliyosoma na nani alimlipia. Baba yake ana siku anazopata faida ya elfu nne na siku anazokula hasara ya elfu sita, mbuzi akifia njiani. Utaandika nini? Aliandika alivyoona ni kweli. Akaangukia kundi ambalo nyumbani lazima watoe sehemu yao.

Sehemu hiyo, nakiri, haikuwa kubwa. Baba angeiuza mbuzi mmoja wa ziada akailipa. Lakini karo ndiyo inayoandikwa kwenye barua, na gharama nyingine haziandikwi. Ovaroli na viatu vya kazi. Koleo, bisibisi na kipima umeme, maana mwanafunzi asiye na vyake husubiri wenzake wamalize. Nauli ya matatu mbili kwenda na mbili kurudi, na mvua ikinyesha Nairobi nauli hupanda pale pale ukiwa umesimama. Chakula cha mchana. Halafu kuna gharama ambayo sikuwahi kuiona katika taarifa yoyote ya serikali: ujira anaouacha. Machinjioni hulipwa shilingi 600 hadi 800 kwa siku, na ndizo zinazowalipia wadogo zake wawili madrasa na pango la nyumba. Kwa familia ile, kijana kwenda chuo kuna maana ya kupoteza mshahara na kuongeza matumizi siku hiyo hiyo. Rafiki yangu hakulisema hilo mbele yangu. Niliona tu jinsi alivyotazama pembeni.

Nilimuuliza juu ya mkopo. Hapo ndipo alipokaa kimya, kisha akasema, "Ami, ule una riba."

Mkopo wa HELB hutozwa riba ya 4 kwa mia kwa mwaka, na marejesho huanza mwaka mmoja baada ya kumaliza masomo. Asiyelipa huongezewa faini kila mwezi. Kwa viwango vya benki za mjini, 4 kwa mia ni karibu na bure, na najua maafisa wanaocheka wakisikia Mwislamu anaukataa. Wasicheke. Kijana huyu amefundishwa tangu ana miaka saba kwamba riba ni miongoni mwa madhambi makubwa, na aliyemfundisha ni yule yule aliyemfundisha kutosema uongo na kutoiba. Unataka aache lipi na ashike lipi?

Mimi si mwanachuoni, na masheikh wenyewe hawasemi kauli moja. Wako wanaoiona hali hii kuwa dharura, na wako wanaokataa katakata. Ninachojua ni hiki: sheria ya nchi hii haimlazimishi Mwislamu kufuata kauli yoyote kati ya hizo, lakini mfumo wa ufadhili unafanya kana kwamba kauli ya pili haipo. Kijana huyu alipoukataa mkopo hakupewa njia nyingine. Alikosa fungu zima, wala halikujazwa na kitu kingine. Na hii ni Kenya ile ile ambayo imekuwa na benki za Kiislamu tangu 2008, na ambayo mwaka 2023 iliorodhesha sukuk ya kujengea nyumba katika soko la hisa la Nairobi. Ikiwa fedha za kujenga nyumba zimeweza kutafutwa kwa njia isiyo na riba, bisibisi na ovaroli zimeshindikana vipi? Mkopo wa namna ya murabaha, ambapo chuo kinalipwa moja kwa moja na mwanafunzi anarejesha kiasi kilichokubaliwa tangu mwanzo, hauhitaji miujiza. Unahitaji mtu ofisini aamue kwamba wanafunzi hawa ni wengi vya kutosha kuhangaikiwa. Habari ya mkopo wa aina hiyo nimeisikia tangu nikiwa mwanafunzi mwenyewe. Mimi wakati ule nilichukua ule uliokuwepo, nikaulipa hadi senti ya mwisho, na mpaka leo sijui kama nilifanya sawa.

Kisha kitambulisho. Bila kitambulisho cha taifa kijana aliyefikisha miaka 18 hupata tabu kuomba mkopo, kufungua akaunti, hata kusajili laini ya simu kwa jina lake. Huyu alizaliwa Nairobi, amesoma Nairobi, lakini jina lake na uso wake ni wa kaskazini. Akaambiwa apitie vetting, ile kamati ya wazee na maafisa wanaokuuliza babu yako alizikwa wapi. Alienda mara nne. Mara ya kwanza kikao kiliahirishwa, ya pili walitaka cheti cha kuzaliwa cha baba, ya tatu walitaka baba mwenyewe, ya nne alichukuliwa alama za vidole. Kitambulisho kilitoka Januari, miezi minne baada ya tarehe ya kuripoti chuoni. Mwezi uliofuata, Februari 2025, Rais Ruto alikuwa Wajir akatia saini tangazo la kuiondoa vetting hiyo. Nilipomkumbusha, kijana alicheka. "Ningezaliwa mwaka mmoja baadaye, ami."

Msomaji wa Mombasa mwenye asili ya Kiarabu, Kibajuni au Kinubi hahitaji kuelezwa zaidi. Wengi wetu tumekaa kwenye benchi hilo. Tangazo ni jema, na tulisubiri hadi tukazeeka. Lakini aliyekosa mwaka wa masomo kwa sababu ya benchi harudishiwi mwaka wake, na hakuna chuo nilichosikia kikisema: waliochelewa kwa sababu ya kitambulisho, njooni nafasi zenu zipo.

Sasa nije kwenye jambo ambalo mimi naona ni zito kuliko yote, nalo ni lile alilokuwa akiitiwa kusoma.

Umeme ni fani nzuri. Lakini kijana huyu ana ujuzi tayari. Anamwinua mbuzi kwa mikono miwili akakwambia kilo zake, na mizani ikija inamuunga mkono. Anachuna ngozi bila kuitoboa, na huo si mchezo, kwa sababu ngozi yenye alama ya kisu hushuka daraja na bei yake huanguka kabla haijafika kiwandani. Anajua ini lenye ugonjwa kwa kulitazama, humwita mkaguzi kabla mkaguzi hajauliza. Anachinja kwa sharti za kidini, na ujuzi huo una thamani nje ya Kiamaiko pia: Kenya huuza nyama ya mbuzi na kondoo katika nchi za Ghuba, na huko nyama isiyochinjwa kwa sharti za Kiislamu haipokelewi. Ana miaka mitano katika kazi hiyo, kwani alianza likizo za shule. Kwenye karatasi yeye ni kijana wa D+ asiye na ujuzi wowote.

Si kwamba nchi haina mafunzo ya fani hii. Athi River kuna Meat Training Institute, taasisi ya serikali inayofundisha ukaguzi wa nyama na teknolojia yake. Thika kuna kituo cha serikali cha kufundisha utengenezaji wa viatu. Kariokor, mwendo wa matatu moja tu kutoka Kiamaiko, mafundi wa ngozi wanashona viatu na mikoba mchana kutwa. Yaani mbuzi mmoja anayeangushwa Kiamaiko alfajiri ana kozi tatu au nne ndani yake. Nilimuuliza kijana kama kuna mwalimu au afisa yeyote aliyewahi kumtajia Athi River. Hakuwahi kuisikia. Umbali wa Athi River haufiki hata saa moja kama barabara iko wazi.

Pia kuna sera iliyoandikwa kwa ajili ya watu kama yeye hasa. Inaitwa RPL, utambuzi wa ujuzi ambao mtu amekwisha upata kazini, na inasimamiwa na KNQA, mamlaka ya kitaifa ya sifa za elimu. Fundi asiye na cheti hupimwa kwa anachokifanya, akifaulu anapewa cheti cha ngazi yake. Kabla ya hapo, na hadi leo, NITA imekuwa ikitoa mitihani ya gredi ya tatu, ya pili na ya kwanza, na mafundi wengi wa pwani, waashi na makanika, wamepata karatasi zao kwa njia hiyo. Mitaala ya TVET nayo sasa inakatwa vipande vipande, moduli moja moja, ili mtu asome miezi michache, apate cheti cha kipande hicho, arudi kazini, kisha aje tena akiwa na fedha. Kwa mtu anayeacha shilingi 700 kila siku anapoketi darasani, mpango huo unatosha kuamua kama atasoma au hatasoma. Sera hizi zote zipo. Nilichokosa Kiamaiko ni mtu aliyezishusha kutoka warshani za hoteli hadi machinjioni, saa nne asubuhi, wakati kazi imepungua na vijana wamekaa juu ya makreti wanakunywa chai.

Kazi hiyo ni ya nani? Katiba ya 2010 inasema vyuo vya ufundi vya vijijini, vile tunavyoviita VTC, viko chini ya kaunti. Vyuo vikubwa vya ufundi na politekniki za kitaifa viko chini ya serikali kuu. Kwa miaka kadhaa serikali kuu ilitoa ruzuku ya shilingi 15,000 kwa kila mwanafunzi wa VTC, baadaye fedha hizo zikamezwa ndani ya mgao wa jumla wa kaunti, na kila gavana akaamua anavyopenda. Basari nazo zina mtihani wake. Mapema mwaka 2025 kaunti zilizuiwa kutoa basari hadi ziandikiane makubaliano na serikali kuu, na NG-CDF, ambayo ndiyo kimbilio la wazazi wa Mathare kama wa Nyali, ilitangazwa na Mahakama Kuu mwaka 2024 kuwa kinyume cha Katiba na kupewa hadi 30 Juni 2026. Wanasiasa wanagombania nani awe na mkoba. Mwenye barua kabatini anasubiri wamalize.

Na sisi Waislamu tusijitoe. Wazee wetu hawakuwa hivi. Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa, pale Tudor, watoto wa leo hawajui kwamba kilianza kama MIOME, taasisi ya elimu ya Kiislamu ya Mombasa, na darasa zake za kwanza zilifunguliwa mwanzoni mwa miaka ya 1950. Aga Khan, Sultani wa Zanzibar na Mabohora walitia fedha zao pamoja na serikali ya kikoloni ili Waislamu wa Afrika Mashariki wafundishwe ufundi. Hawakujenga madrasa nyingine, ingawa wangeweza. Waliona kijana wa Kiislamu anahitaji kujua umeme, mitambo na ubaharia. Leo nimeswali Kiamaiko katika msikiti wenye marumaru mpya na spika sita, na kamati yake, watu wema kabisa, haijawahi kumlipia kijana hata mmoja ada ya mtihani wa gredi. Nilipowauliza walishangaa. Hawakujua kama zaka yaweza kwenda huko, ilhali maskini na mwenye deni wametajwa wazi miongoni mwa makundi manane ya wanaostahiki. Mmoja akaniuliza bei ya ovaroli. Nilimwambia, akaiandika nyuma ya bahasha ya mchango.

Kabla sijaondoka nilimuuliza kijana kama bado anataka umeme.

"Nataka kusoma, ami. Umeme ndio waliokuwa nao."

Tukapiga simu Athi River pale pale, mara mbili, ya pili ikapokelewa. Kozi walizonazo, karo, tarehe, akaviandika kwa kalamu ya buluu nyuma ya ile barua ya Septemba. Sasa kitambulisho anacho. Nyumbani wanatafuta namna mdogo wake atakavyoshika zamu yake machinjioni siku za Jumamosi na likizo, bila kuacha shule. Fedha za muhula wa kwanza bado hazijatimia. Barua haikurudi kabatini, imebanwa kwa pini ukutani karibu na kalenda ya msikiti.